Nimegeuza kompyuta za stoo kuwa prosesa ya sauti ya homu thieta, ila ikifika saa moja jioni inavuma. Shida nini?

#1 Mzee wa Nyaya

Wakuu habari za jioni.

Jamaa yangu alifunga intaneti kafe yake hapa Tabata, akaniachia mashine mbili zilizokuwa stoo zinakula vumbi. Moja pawasaplai ilishakufa, nyingine haina hadidiski. Nikavunja zote nikaunda moja: Core i5-2400, ramu GB 4, na SSD ya GB 120 kutoka kwenye laptopu ambayo shemeji aliimwagia chai. Kilichonitia tamaa ni mgongo wa madabodi. Una matundu sita ya sauti ya rangi rangi, chipu ni Realtek ALC892, inatoa chaneli nane. Kijani mbele, nyeusi nyuma, chungwa spika ya kati na besi, kijivu pembeni.

Nikasema risiva ya nini sasa? Nikaweka Debian (mfumo endeshi wa Linux), juu yake Kodi ya kuchezea muvi, na CamillaDSP ya kuichakata sauti kabla haijatoka. Spika tano ndogo nimezikata, zinapokea kuanzia Hz 80 kwenda juu. Kilicho chini ya hapo kinatupwa kwenye boksi la besi. Spika iliyo karibu na kochi nimeichelewesha kidogo ili sauti zote zifike sikioni pamoja. Waya tatu za jeki kwenda RCA (zile plagi za sauti za nyekundu na nyeupe) zinaingia nyuma ya amplifaya ya sabufa yangu ya zamani ya 5.1, yaani spika tano na boksi moja la besi. Gharama yote ni waya.

Inapiga mpaka watoto wanageuka nyuma wakidhani mtu kabisha hodi.

Shida ni hii. Ikifika saa moja jioni inaanza kuvuma, mmmmm, mfululizo, spika zote. Saa tano usiku inakata yenyewe. Mchana hakuna kitu. Nimebadilisha waya, nimehamisha soketi, wapi.

#2 Kiti cha Mbele

Nimetandika mkeka hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Pangu Pakavu

Prosesa ya sauti ndiyo ipi tena mkuu? Mimi najua prosesa ni hiyo i5. Au siku hizi zina koo?

#4 Mzee wa Nyaya

Pangu Pakavu, risiva ya homu thieta ina kazi tatu ndani yake. Kuifungua sauti iliyofungwa kwenye muvi, yaani Dolby au DTS. Kuigawa na kuirekebisha kwa kila spika. Kisha kuikuza. Mbili za kwanza ndiyo prosesa, ya tatu ni amplifaya. Kwangu kompyuta inafanya hizo mbili, sabufa inakuza.

#5 Binti Solda

Swali kwanza: mvumo wenyewe ni wa Hz 50 au wa Hz 100? Wa 50 ni mzito, unausikia kifuani kuliko masikioni. Wa 100 una ukali, kama nyuki ndani ya kopo. Wa 100 mara nyingi ni saplai ya amplifaya, kapasita kubwa zimechoka. Wa 50 mara nyingi ni ethi, yaani waya wa kwenda ardhini.

Halafu saa mbili usiku, ukiwa unavuma, chomoa RCA zote nyuma ya sabufa. Ukiendelea, kompyuta haina kosa.

#6 Fundi Kata Pini

Mnamzungusha mwenzenu bure. Hiyo ni ethi inagombana na ethi. Chukua plagi ya kompyuta, ile pini ndefu ya juu ikate, au tumia adapta ya pini mbili. Nimefanya kwa wateja zaidi ya kumi, mvumo unakufa palepale.

#7 Binti Solda

Fundi Kata Pini, jina lako limekutangulia. Usimwambie mtu hivyo.

Ndani ya pawasaplai ya kompyuta kuna vikapasita viwili vidogo vya kuchuja kelele, mmoja kutoka laini (waya unaoleta umeme) kwenda kwenye bati la kesi, mwingine kutoka nyutro (waya wa kuurudisha) kwenda kwenye bati hilohilo. Ukiondoa ethi, bati linabaki linaning'inia katikati ya hizo mbili. Umeme wetu ni V 230, kwa hiyo weka mita kati ya kesi na ardhi utaona kama V 115. Mkondo wenyewe ni mdogo, ndiyo ule unaokuchonyota ukigusa kesi ukiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji. Sasa siku pawasaplai ikiharibika ndani, laini ikagusa bati, hakuna ethi ya kupeleka umeme chini ili fyuzi ikatike. Anayeupokea ni mtoto wako anayechomeka flashi.

#8 Pangu Pakavu

Kumbe! Kompyuta ya kazini kwetu inachonyota miaka yote, tukaambiwa ni "umeme wa kawaida". Kesho nakwenda na viatu vya mpira.

#9 Mwana Luthuli

Sasa wadau. Nawasoma kutoka Nairobi. Kwanza mnichekeshe, hiyo seti yote nyinyi mnaita sabufa? Huku tunaita wufa, hata kama ina spika tano na wufa yenyewe ni moja tu.

Mimi naona ni stima. Saa moja jioni kila nyumba iko na pasi, shawa ya kuoga na jiko la umeme. Kwangu Umoja nimewahi kupima soketi ikaonyesha 195. Amplifaya za bei nafuu saplai yake imehesabiwa kwa kubana. Volti ikishuka, regyuleta ndani inakosa nafasi ya kufanya kazi, na zile mawimbi za Hz 100 zinapita mpaka kwa spika. Saa tano watu wamelala, volti inarudi, mvumo unaisha. Saa zake zinalingana kabisa na hadithi yako.

#10 Mzee wa Nyaya

Binti Solda, nimefanya jana. Nikichomoa RCA, kimya. Nikichomeka hata moja tu, mmmmm. Na ni mzito, naona ni wa 50.

Mwana Luthuli, nina stabilaiza, na jana ilikuwa inagonga tak-tak kama kawaida ya jioni. Ila kama ni saplai ya amplifaya, mbona RCA zikitoka inanyamaza?

#11 Mwana Luthuli

Hapo umenishika. Lakini hiyo stabilaiza yenyewe usiiamini, transfoma lake likikaa karibu na waya za RCA linatupa mvumo ndani.

#12 Kiti cha Mbele

Si akate Hz 50 kwa hiyo CamillaDSP? Chujio jembamba tu, biashara imekwisha.

#13 Mhandisi Mstaafu

Haitasaidia, Kiti cha Mbele, na sababu yake inatupa fununu. Mleta mada amesema spika ndogo amezikata Hz 80, lakini mvumo wa Hz 50 unasikika spika zote. Maana yake unaingia baada ya kompyuta kumaliza kazi yake, kwenye waya wa RCA. Programu haiwezi kuchuja kitu ambacho hakipiti kwake.

Wazo langu: nyutro. Jioni mkondo ni mkubwa, na waya wa nyutro nao una ukinzani, kwa hiyo upande wako unapanda volti kadhaa juu ya ardhi. Kama kwenye nyumba yako kuna mahali nyutro na ethi zimeshikana pasipotakiwa, mkondo wa watu unatafuta njia ya pili ya kurudi, na njia mojawapo ni ganda la waya wako wa RCA. Pima kati ya nyutro na ethi kwenye soketi, mchana na jioni. Mita ishikwe na fundi anayejua.

#14 Darajani Moja

Yakhe, mie n'lipata hayo hayo, Zanzibar, na dawa yake ilikuwa dishi. Una king'amuzi? Waya wa dishi una ganda la nje la chuma. Ganda linakwenda kwenye king'amuzi, king'amuzi kimeshikana na TV kwa HDMI, TV imeshikana na kompyuta kwa HDMI nyingine. Hapo una njia mbili za kwenda ardhini, moja ya plagi na moja ya dishi juu ya paa. Hicho ndicho kitanzi. Chomoa waya wa dishi kabisa, usizime tu, uone.

#15 Mzee wa Nyaya

Mkuu Darajani umenishtua. Dishi letu lina LNB (kile kichwa cha kunasa mawimbi) ya matundu mawili. Moja langu, moja la jirani. Tuligawana gharama.

#16 Darajani Moja

Basi tena! Umefunga ndoa ya ethi na jirani. Na jirani yako anawasha TV saa ngapi?

#17 Mzee wa Nyaya

Taarifa ya habari. 😅

#18 Mwenye Banda

Samahani nikivamia. Mimi nina banda umiza huku Mbeya, nimesoma huu uzi juzi nikatengeneza kama ya mleta mada, ila mimi nimetumia kadi ya USB iliyoandikwa 7.1. Nimepata maajabu mawili. Moja, mhusika anaongea mbele kwenye skrini, sauti yake inatoka spika ya nyuma kushoto. Wateja wanageuza shingo. Pili, nikijaribu kadi nyingine ndogo ya USB nayo imeandikwa 7.1, spika za nyuma hazilii kabisa.

#19 Binti Solda

Kaka Mwenye Banda, la pili kwanza. Hesabu matundu. Kadi ndogo kama flashi yenye tundu la hedifoni na la maiki tu ni stereo. Hiyo "7.1" ni programu inayoigiza kwenye hedifoni. Ile kubwa yenye matundu ya rangi, nyingi zina chipu ya CM6206, hiyo ni chaneli nane za kweli, biti 16, kHz 48. Inatosha.

#20 Mzee wa Nyaya

La kwanza lilinila siku mbili nzima. Mafaili mengi hupanga chaneli hivi: mbele kushoto, mbele kulia, kati, besi, nyuma kushoto, nyuma kulia. ALSA, mfumo wa sauti wa Linux, inapanga: mbele kushoto, mbele kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, kati, besi. Kwa hiyo ya tatu kwa mmoja ni spika ya kati, kwa mwingine ni nyuma kushoto. Ukipitisha bila kupanga upya, mhusika anahamia nyuma, na besi ya milipuko inaingia spika ndogo ya nyuma kulia. Iangalie isije ikaungua. Kwenye CamillaDSP unaandika jedwali la kuchanganya, ya 2 inakwenda 4, ya 3 inakwenda 5, na kadhalika, kuhesabu kunaanza 0. Halafu pima kwa speaker-test yenye chaneli 6, itataja kila spika kwa jina.

#21 Mwenye Banda

Asante sana. Imekaa. Ila sasa spika za nyuma ziko kimya muvi nzima, zinalia kwenye hiyo speaker-test tu.

#22 Chaja ya Laptopu

Muvi umechukua wapi? Kama ni za kujaziwa kwenye flashi pale mtaani, nyingi zimebanwa zikabaki stereo. Piga hesabu. Dolby Digital ya DVD huwa kilobiti 448 kwa sekunde. Muvi ya saa mbili, sauti peke yake ni kama MB 403. Wewe unauziwa muvi nzima MB 700, na picha ikae wapi? Kitu cha kwanza kutupwa ni chaneli za nyuma.

#23 Pangu Pakavu

Na kama ni ya kutafsiriwa ndiyo kabisa. DJ mmoja, maiki moja, kawalalia wote juu. Hata uwe na spika kumi na moja utamsikia yeye tu, na kikohozi chake.

#24 Mwenye Banda

Wateja wangu bila DJ hawaingii. Nimewaonjesha ya sauti halisi, mzee mmoja akadai hela yake.

#25 Mtu wa Dukani

Nimesoma mpaka hapa nimecheka. Mnaunda mtumbwi wakati pantoni ipo. Risiva ya mtumba inapatikana, ina HDMI, ina kila kitu. Hiyo kompyuta yenu haiwezi kupokea king'amuzi, haiwezi PlayStation, na Atmos, ile sauti ya Dolby inayotoka mpaka juu ya dari, mtaisikia redioni.

#26 Mzee wa Nyaya

Mtu wa Dukani ana hoja, nisimbishie kwa jazba. Kweli, HDMI ya kuingia ndiyo kisiki. Vidude vya kunasia HDMI vya bei nafuu vinapokea stereo tu, na king'amuzi kikituma picha iliyofungwa kwa HDCP (kufuli ya kuzuia kunakili) unapata giza. Kwangu kila kitu kinachezwa ndani ya kompyuta yenyewe. King'amuzi kinabaki na spika za TV, taarifa ya habari haihitaji besi.

Atmos pia kweli. Kodi inafungua sauti za TrueHD na DTS-HD bila shida kwa programu ya FFmpeg iliyo ndani yake, lakini zile sauti za kuruka juu ya dari zinaachwa, unabaki na 7.1 ya chini. Dolby Digital ya kawaida hataza zake zilishaisha 2017, haina ugomvi.

Ila niambie risiva gani ya mtumba itaniruhusu kuikata kila spika ninavyotaka, na ikiharibika nabadilisha ramu naendelea.

#27 Mtu wa Dukani

Risiva haihitaji ramu mkuu. 😂

#28 Mzee Santuri

Vijana mnaumia sana na makompyuta. Miaka ya sabini sauti ya nyuma tuliipata kwa waya tu. Unachukua amplifaya ya stereo, spika moja ya nyuma unaifunga kati ya chanya ya kushoto na chanya ya kulia. Hasi huzigusi. Kinacholia ni tofauti ya kushoto na kulia. Mwimbaji aliye katikati anatoweka, mwangwi wa ukumbi na makofi ya watu yanabaki. Mmarekani David Hafler wa Dynaco ndiye aliyeitangaza. Nilifunga kwa santuri za dansi, tarumbeta zikawa kama zinapiga nyuma ya kabati.

#29 Chaja ya Laptopu

Mzee shikamoo. Nimejaribu usiku huuhuu kwenye amplifaya ya zamani ya baba, ni kweli kabisa, sauti ya mwimbaji imepotea nimebaki na kinanda na mwangwi!

Tahadhari kwa wengine: msifanye hivi kwenye vibao vidogo vya amplifaya vyenye chipu ya TPA3116 na jamii yake. Hasi ya spika pale si ardhi, nayo inasukumwa. Njia ya mzee inataka amplifaya ambazo hasi za pande zote mbili ni kitu kimoja.

Na kwa kuwa nimevitaja: nimeona watu wanavilisha V 12 ya pawasaplai ya kompyuta. Inafanya kazi, lakini kwa spika ya ohm 8 hupati zaidi ya wati 9, na hasi ya pawasaplai imeshikana na kesi na ethi, unajitengenezea mvumo mwenyewe. Chukua chaja ya laptopu ya V 19, inafika wati 22 hivi kwa ohm 8.

#30 Mzee Santuri

Marahaba mwanangu. Ongeza tarumbeta.

#31 Mtaalamu wa Chumba

Mleta mada, hukutuambia kuhusu besi. Sebule ina ukubwa gani? Boksi umeliweka wapi?

#32 Mzee wa Nyaya

Mita 4 kwa 5, kuta za tofali za saruji, dari ya jipsamu. Boksi liko kona ya TV. Kwenye kochi besi inavimba noti moja, ukisimama mlangoni haipo.

#33 Mtaalamu wa Chumba

Kama nilivyodhani. Chumba cha mita 4 kinavimba karibu na Hz 44, mita 5 karibu na Hz 35, na saruji hainyonyi kitu. Kabla hujagusa programu, fanya hivi: libebe boksi liweke juu ya kochi, mahali pako pa kukaa. Piga wimbo wenye besi inayotembea. Kisha wewe tambaa sakafuni kwa magoti ukizunguka kuta. Pale ambapo noti zote zinasikika sawasawa, ndipo boksi liende.

#34 Mzee wa Nyaya

Nimetambaa. Mke wangu kaingia na sinia la chai, kanikuta nimeinamisha kichwa nyuma ya kabati la vyombo, boksi limekaa kwenye kochi kama mgeni. Kaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia natafuta besi. Kaweka sinia chini katoka bila neno, nikamsikia uani anaongea na simu na dada yake.

Lakini sehemu nimeipata, katikati ya ukuta wa pembeni. Tofauti ni kubwa kuliko vichujio vyote nilivyoandika mwezi mzima.

#35 Mtaalamu wa Chumba

Sasa pima kwa programu ya REW na maiki ya kupimia, ushushe vilima vilivyobaki, yaani noti zinazovimba. Vilima tu. Mashimo, yaani noti zinazopotea, usiyajaze, unaongeza wati hewani na shimo linabaki shimo. Na kumbuka chaneli ya besi ya muvi huongezwa dB 10 wakati wa kucheza. Kwa kuwa unaijumlisha na besi ya spika tano, shusha sauti yote kwanza ndani ya CamillaDSP, la sivyo milipuko itapasuka.

#36 Kiti cha Mbele

Mimi nimeweka kwenye CamillaDSP vichujio virefu vya aina ya FIR, vipande 65,536, nimesoma kwamba ndivyo bora. Sasa midomo inaongea kwanza, maneno yanafuata.

#37 Binti Solda

Kama ni vya fezi iliyonyooka (vinavyochelewesha noti zote sawasawa), vinachelewesha nusu ya urefu wake. 32,768 gawanya kwa 48,000 ni sekunde 0.68. Kwenye Kodi unaweza kuisogeza sauti mbele maana faili liko kwenye diski. Ila jaribu kuchezea gemu uone, unapigwa risasi unasikia baadaye ukiwa umeshakufa.

#38 Mzee wa Nyaya

Narudi kwenye mvumo, nimefanya vipimo wiki nzima.

Nyutro na ethi: mchana V 1.2, saa mbili usiku V 6.8. Mhandisi hapo kapata.

Stabilaiza nimeihamisha hadi chumbani: hakuna tofauti.

Waya wa dishi kuchomoa: mvumo ukashuka sana, nakadiria robo ikabaki. Haukuisha.

Halafu jirani akasafiri kwenda Tanga harusini, siku tatu. Nikarudisha waya wa dishi makusudi. Siku zote tatu, kimya, jioni hadi usiku.

#39 Darajani Moja

Si n'lisema! King'amuzi cha jirani. Kesi imefungwa.

#40 Mhandisi Mstaafu

Haijafungwa. Ganda la ule waya halichomoki kwa sababu jirani amezima TV. Lipo limeshikana palepale. Akizima kwa rimoti, njia ya ethi bado ipo. Mleta mada, jirani ana vifaa gani vingine vikubwa?

#41 Mzee wa Nyaya

Ana friji mbili za kuuzia barafu na maji ya baridi kibarazani. Aliposafiri alizizima zote, akachomoa mpaka ya TV, anaogopa umeme ukirudi kwa kishindo.

#42 Mhandisi Mstaafu

Basi umebadilisha mambo matatu kwa mpigo. Friji zina mota, zinakula mkondo kwenye nyutro mnayogawana. Kwa nini jioni? Kwa sababu ndipo wateja wanafungua milango ya friji.

#43 Mwana Luthuli

Na jirani akizima friji mbili, volti yako imepanda. Nadharia yangu imefufuka. 🙌

#44 Binti Solda

Huwezi kumzimia jirani friji. Tibu kwako. Weka transfoma ndogo za kutenganisha kwenye waya za RCA, za uwiano wa 1:1. Za bei ya chini za magari zinakula besi ya chini kabisa, kwa hiyo waya wa boksi la besi tafutia nzuri.

#45 Kiti cha Mbele

Au atumie kebo ya mwanga. Plastiki haipitishi umeme.

#46 Mzee wa Nyaya

Niliiwazia. Kebo ya mwanga inabeba chaneli mbili wazi, au 5.1 ikiwa imefungwa. Mimi nikishachakata nina chaneli sita wazi. Ningelazimika kuzifunga upya kuwa Dolby Digital, ALSA ina programu jalizi ya a52 ya kazi hiyo, lakini sabufa yangu haina wa kuifungua upande wa pili.

#47 Mtu wa Dukani

Risiva inayo. Nasema tu.

#48 Fundi Kata Pini

Mngenisikiliza #6 mngekuwa mnaangalia muvi saa hizi.

#49 Binti Solda

Fundi, hebu kaa na mleta mada umuulize fimbo ya ethi ya nyumba yake iko wapi kabla hujachukua koleo.

#50 Mzee wa Nyaya

Kwa kweli nimekwenda kuitafuta. Ipo nyuma ya choo cha nje, klampu imelegea, unaizungusha kwa vidole, udongo umekauka umepasuka. Fundi anakuja Jumamosi kuibana na kupima.

#51 Pangu Pakavu

Mrejesho mkuu? Jumamosi mbili zimepita.

#52 Mzee wa Nyaya

Fundi hakuja, mvua imemzuia. Huku imenyesha tangu Alhamisi, uani ni tope. Jirani amerudi, friji zote mbili zinanguruma, TV yake naisikia ukutani, waya wa dishi umechomekwa. Klampu sijaigusa. Sasa hivi ni saa mbili na robo usiku, nimeweka sikio kwenye spika ya kati, sauti nimepandisha mwisho.

Kimya.

Sigusi kitu. Naangalia muvi.

#53 Mhandisi Mstaafu

Pima nyutro na ethi kabla hujakaa.

#54 Darajani Moja

Tope limeingia kwenye mguu wa dishi hilo.

#55 Mwana Luthuli

Na kukinyesha hakuna mtu anaoga na maji moto ya stima?

#56 Mwenye Banda

Mleta mada, ile madabodi ya pili ya intaneti kafe, iliyobaki, inauzwa?